Kanisa ni Jamaa ya Nani?

Ukimwuliza mtoto wa katekisimu katika parokia yoyote ya Masisi, "Kanisa ni nini?", atakujibu upesi: Kanisa ni nyumba ya Mungu. Ukimwuliza baba yake, huenda atakupa jibu alilolisikia mara nyingi katika mahubiri: Kanisa ni Jamaa ya Mungu. Majibu yote mawili ni ya kweli. Lakini katika nchi za Masisi na Walikale majibu hayo yamepitishwa motoni, na kitu kilichopita motoni hakitazamwi tena juu juu. Leo napenda tulichunguze jibu la pili, kama vile mama wa sokoni anavyoigeuza noti mkononi kabla ya kuifunga katika kitambaa chake. Hatulichunguzi kwa kulidharau. Twalichunguza kwa sababu tunalitegemea.

Jina hilo la Jamaa ya Mungu lilitoka wapi? Maaskofu wa Afrika walikutana Roma katika Sinodi yao ya pekee, tangu tarehe 10 Aprili mpaka tarehe 8 Mei 1994. Walitafuta picha ambayo Mwafrika akiisikia ataelewa mara moja Kanisa ni nini kwake. Wakaichagua picha ya jamaa. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Septemba 1995, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alitia sahihi huko Yaoundé, nchini Kamerun, waraka uitwao kwa Kilatini Ecclesia in Africa, maana yake Kanisa katika Afrika. Waraka huo unaipokea picha ile na kuieleza: katika jamaa watu hutunzana, husaidiana, hupokeana kwa moyo mkunjufu, huzungumza na kuaminiana. Basi Kanisa nalo liwe hivyo. Waraka unaongeza kwamba ujenzi wa jamaa hiyo uepukane na ukabila, utafute upatanisho kati ya makabila. Tena unawaomba wataalamu wa teolojia waieleze picha hiyo kwa undani zaidi.

Kwa sisi tunaosema Kiswahili, neno lenyewe halikuwa geni. Miaka mingi kabla ya Sinodi, katika miaka ya 1950, Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, alikuwa amekwisha kuwakusanya Wakristu wa Kolwezi, huko Katanga, katika chama kilichoitwa Jamaa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa migodi pamoja na wake zao. Watu hao walikuwa wametoka pande nyingi kuifuata kazi ya shaba. Hawakuwa na mlima mmoja wala kaburi moja la babu. Walipoitana jamaa, neno hilo liliwakusanya watu waliokuwa wageni wao kwa wao. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Tuisifu kwanza picha yenyewe, kwa kuwa yastahili sifa. Mkulima wa milima ya Masisi na mkulima wa msitu wa Walikale wanajua jamaa ni nini bila kufungua kitabu. Mtu akiugua, jamaa ndiyo imchukuayo kwa machela mpaka hospitali. Mtoto akifiwa na wazazi, jamaa ndiyo imlishayo. Zamani Wakristu wengi walifikiri kwamba Kanisa ni la padri: yeye alijenge, aliongoze, alilipie, nao waende kupokea Sakramenti kama mtu aendavyo posta kuchukua barua yake. Picha ya jamaa iliivunja fikira hiyo. Katika jamaa kila mmoja ana sehemu yake ya kuni na ya maji, hata mtoto, hata bibi kizee. Waraka ulifanya vema kutukumbusha.

Lakini sasa tuipeleke picha hii Masisi na Walikale, tuone itakavyosimama.

Masisi ni nchi ya milima yenye udongo mzuri na malisho ya ng'ombe. Walikale ni nchi ya msitu mkubwa na madini. Humo wanakaa Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wakumu, Wahutu, Watutsi na wengine. Kati ya mwaka 1937 na mwaka 1955 serikali ya Wabelgiji iliwaleta Masisi watu makumi ya maelfu kutoka Rwanda, ikawagawia mashamba, na maneno ya wenyeji juu ya ardhi hiyo hayakumalizwa. Wengine walikuwako kabla ya hapo, wengine walikuja baadaye. Tangu siku zile swali la shamba na swali la nani atatawala halijapata kutulia. Katika nchi kama hiyo neno jamaa haliji peke yake. Laja na mpaka wa shamba, na kaburi la babu, na lugha ya mama. Kule Kolwezi neno hilo lilikusanya wageni. Huku Masisi mtu akisema "jamaa yangu", jirani yake aweza kusikia neno la pili ambalo halikutamkwa: "wewe humo."

Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, huko Walikale. Mara baada ya hapo mauaji yakafika kijiji cha Buoye, si mbali na Ntoto, na wengi wa waliokufa huko waliuawa makanisani, katika kanisa la Wakatoliki na katika lile la Waprotestanti. Katika majuma yaliyofuata moto huo ukaenea Masisi. Maelfu ya watu walikufa, na watu wengi sana wakayaacha makazi yao.

Miaka mitatu ikapita. Huko Mokoto, katika Masisi, kulikuwa na monasteri ya Watrapisti iliyoanzishwa mwaka 1954 na wamonaki waliotoka Scourmont, nchini Ubelgiji. Mamia ya watu waliofukuzwa katika vijiji vyao walikimbilia huko, wakapokelewa. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 1996, wenye silaha wakaishambulia monasteri, wakawaua makumi ya wale waliojificha humo. Wamonaki nao wakalazimika kuondoka. Tangu Baba Mtakatifu atie sahihi waraka wake kule Yaoundé, miezi minane ilikuwa haijatimia.

Huenda msomaji anataka niseme waliouawa Buoye walikuwa wa kabila gani, na waliouawa Mokoto wa kabila gani. Nitasema hili tu: hawakuwa wa kabila moja, wala wauaji wa huku hawakuwa wauaji wa kule. Kila kabila la nchi hii lina makaburi yake ya kulilia, na kila kabila lina watoto wake waliowajaza wengine makaburi. Anayeuliza kabila kwanza, kabla ya kuuliza kama wafu hao walizikwa na kuombewa, ajichunguze moyo wake.

Sasa nafika kwenye hakiki yenyewe, nami naisema kwa heshima ambayo mtoto humpa baba yake. Waraka haukuusahau ukabila. Mahali pamoja unataja uhasama wa makabila kati ya taabu za bara letu. Mahali pengine unaileta picha ya jamaa kama mwanga na dawa. Naona upungufu hapo. Ugonjwa umewekwa katika chumba kimoja na dawa katika chumba kingine, na msomaji haonyeshwi vya kutosha kwamba ugonjwa huo waweza kuingia ndani ya chupa ya dawa. Maana ukabila hauanzi kwa kuichukia jamaa. Waanza kwa kuipenda jamaa yako mpaka usione mtu mwingine nje yake. Mtu hushika panga akisema kwamba anawalinda watoto wake, na shamba la baba yake, na jina la ukoo wake. Ukimfundisha mtu huyo kwamba Kanisa ni kama jamaa, wala usimfundishe zaidi, amekwisha kukuelewa vibaya. Atafurahi. Atalifanya Kanisa kuwa la ukoo wake.

Mwingine atanipinga: "Waulaumu waraka kwa dhambi za wauaji? Tena mauaji ya Buoye yalitangulia waraka!" Ni kweli. Waraka hauna hatia ya damu, na wauaji watajibu mbele ya Mungu kwa matendo yao wenyewe. Lakini fundisho lolote la Kanisa twaweza kulipima kwa swali moja jepesi: mtu aliyelisikia na kulishika vizuri, atajua la kufanya usiku ule ambapo mtu wa kabila jingine anapiga hodi mlangoni pake, naye anakimbizwa? Akianza na jamaa aijuayo tangu utoto, ataikumbuka methali isemayo kwamba damu ni nzito kuliko maji. Mkristu hana budi kuanza mahali pengine. Aanze na yale maji aliyomwagiwa kichwani siku ya ubatizo wake, na ajue kwamba maji hayo ni mazito kuliko damu.

Bwana wetu mwenyewe alianza hapo. Siku moja aliambiwa kwamba mama yake na ndugu zake wamesimama nje wanamtafuta. Akawatazama watu walioketi kumzunguka, wavuvi na wagonjwa na watu wa kila namna, akasema kwamba hao ndio mama yake na ndugu zake, yaani kila afanyaye mapenzi ya Mungu. Hakumdharau Mama yake, ambaye alifanya mapenzi ya Mungu kupita watu wote. Alifungua mlango wa jamaa na kuuacha wazi. Wakati wa kuingia haulizwi mtu jina la babu yake.

Kanisa lilishika jambo hili kwa nguvu kuliko tunavyofikiri. Katika sheria yake ya mwaka 1917 ilisemwa kwamba ubatizo huzaa undugu wa kiroho kati ya mbatizwa na msimamizi wake, na undugu huo ulihesabiwa kuwa wa kweli kabisa hata ukazuia ndoa kati yao, kama vile undugu wa damu unavyozuia. Sheria ya mwaka 1983 iliondoa kizuizi hicho cha ndoa. Lakini bado yasema kwamba baba na mama wa mtoto hawawezi kuwa wasimamizi wake. Kwa nini? Kwa sababu mtoto anapozaliwa mara ya pili anahitaji mzazi mwingine, aliyepewa na Kanisa. Hii ndiyo hazina ambayo ingeweza kuwekwa katikati ya picha ya jamaa: jamaa hii huingiwa kwa kuzaliwa upya, wala mtu hajichagulii ndugu zake humo.

Hata Misa Takatifu yatufundisha hivyo hivyo. Katika taratibu ya Misa ambayo Roma iliikubali mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, watu hulisikiliza Neno la Mungu kwanza, kisha huungama dhambi zao, kisha hupeana amani, ndipo wanapoleta vipaji altareni. Hakuna kipaji kinachopita mbele ya upatanisho. Mwanzoni mwa Misa hiyo wanaitwa pia wahenga walioishi kwa haki. Wahenga wa nani? Hakuna ukoo unaotajwa. Mhunde husimama na wahenga wa Mhutu, na Mnyanga na wahenga wa Mtutsi. Anayeitikia sala hiyo huku akimtakia jirani yake maangamizi anajishuhudia vibaya mbele ya wahenga wote.

Mtaguso Mkuu wa Vatikano II, katika hati yake juu ya Kanisa ya tarehe 21 Novemba 1964, haukutoa picha moja peke yake. Ulitaja zizi la kondoo, shamba, jengo, jamaa, bibi arusi, ukaeleza Mwili wa Kristu na Taifa la Mungu. Ulikuwa na akili kufanya hivyo, maana picha moja husahihisha nyingine. Jamaa yaweza kuwadanganya watu kwamba ndugu lazima wafanane. Basi picha ya mwili, ambayo Mtume Paulo aliwapa Wakorinto, inakuja kutusahihisha: jicho halifanani na mkono, wala haliwezi kusema halina haja nao. Wazee wetu wa Kiswahili walilijua jambo hili waliposema kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Kama ningeombwa kuandika maneno machache pembeni mwa waraka ule, mahali panapotajwa jamaa, ningeandika methali hiyo.

Je, kuna mtu aliyeishi hivyo katika jimbo letu la Goma, ambamo Masisi na Walikale zimo? Yuko. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mfanyakazi wa ofisi ya kukagua bidhaa mpakani. Pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio aliwatunza watoto wa mitaani, watoto ambao jamaa zao za damu zilikuwa zimekufa au zimewaacha. Mwezi Julai 2007 alikataa fedha aliyopewa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite na kuuzwa kwa watu. Wakamteka, wakamwua. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo. Chakula kile kingeliwa na watu asiowajua, wa kila kabila. Yeye aliwahesabu wote kuwa watu wa nyumba yake. Naona maisha yake yalieleza Jamaa ya Mungu ni nini kwa namna ambayo mtu asiyejua kusoma aweza kuielewa.

Hapo twaweza kulirudia jibu la yule mtoto wa katekisimu, kwamba Kanisa ni nyumba ya Mungu. Kwa nini watu wa Buoye waliuawa makanisani, na watu wa Mokoto monasterini? Walikuwamo humo kwa sababu waliamini. Waliamini kwamba katika nyumba ile hawataulizwa kabila, na kwamba anayewakimbiza ataogopa kuvuka kizingiti cha Mungu. Walikuwa wamelielewa Kanisa sawasawa. Waliovunja mlango ndio ambao hawakulielewa. Basi mtoto yule hakukosea. Nyumba ya Mungu ni mahali ambapo mtu asiye wa ukoo wako ana haki ya kulala salama, na ukuta wa matofali peke yake haumlindi. Ukuta wake ni sisi tuliobatizwa.

Vita havijaacha kututesa. Mwezi Januari 2025 vilifika Masisi mjini na Goma, na mwezi Machi vikafika Walikale mjini. Watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Katika safari hizo mabati na benchi hubaki nyuma. Shirika ndilo liwezalo kuchukuliwa njiani. Maaskofu wa Kongo walianza kusema juu ya jumuiya hai za Wakristu tangu mwaka 1961, na kwetu mashirika hayo yameota mizizi. Lakini shirika nalo laweza kuugua ugonjwa ule ule. Likikusanya watu wa lugha moja tu, na huku majirani wa lugha nyingine wanasali ng'ambo ya barabara, hapo tumejenga ukoo mwingine na kuutundikia msalaba.

Kwa hiyo nawaambia wasomaji wa Masisi na Walikale, na wale waliotawanyika nje yake, mambo matatu ambayo hayahitaji fedha. Shirika lenu lifuate ujirani, si lugha. Nyumba zilizo karibu zisali pamoja. Mnapomchagua kiongozi wa shirika, jiulizeni kama watu wa kabila dogo kati yenu wanaweza kumwendea usiku bila hofu. Na mtoto wako akizaliwa, umtafutie msimamizi wa ubatizo katika nyumba ambayo babu yako asingeiingia. Najua jambo hili la tatu ni gumu. Wengine watakucheka, na wengine watakukasirikia, hata ndani ya ukoo wako. Lakini mtoto huyo atakua akiwa na baba wawili, mmoja wa damu na mmoja wa maji, wa makabila mawili. Siku mtu atakapomwambia achukue panga, itambidi kwanza amfikirie huyo baba yake wa pili.

Wataalamu wa teolojia waliombwa na Baba Mtakatifu waieleze picha ya jamaa. Waendelee na kazi yao, nasi tutasoma watakayoandika. Lakini sehemu kubwa ya maelezo hayo itaandikwa katika kitabu cha ubatizo cha kila parokia, pale penye majina mawili katika mstari mmoja: jina la mtoto na jina la msimamizi wake.